Harufu ya Mafuta ya Nazi

Sokoni Kakoba, katikati ya kelele za wauza nguo, Mutware alikuwa anagombea kitenge na msichana asiyemjua. Kilikuwa cha kijani chenye ndege wa manjano, na kila mmoja ameshika upande wake.

"Dada, achilia. Mimi ni MC, kesho niko na harusi kubwa."

"Na mie ni fundi wa nguo. Bila sisi, hao maharusi wako watatoka uchi."

Mutware alicheka hadi watu wakageuka. Doriane, Mrundi mwenye nywele zilizonukia mafuta ya nazi, alimwachia kitenge na namba ya simu juu.

Miaka miwili walipendana. Kila Jumamosi Mutware alifika kwenye cherehani ya Doriane na suti ya buluu, macho yanang'aa, maneno hayamwishi. Doriane aliamini furaha yote ile ni yake. Maskini! Kabla ya kila Jumamosi Mutware alivuta kwanza kokeini, aliyozoeshwa na matajiri wa kwenye sherehe.

Kisha akapoa. Akila hasifii, akitaniwa hacheki. Doriane alipomvalia gauni jipya, alitazama ukuta. Mwisho akazima simu, wiki saba.

"Amepata mwingine," Doriane akajiambia. Akapanda gari hadi kambi ya wakimbizi ya Nakivale, nyumbani kwa Kabanyana, mama yake Mutware, tayari kwa vita.

Alimkuta Mutware peke yake anapalilia mahindi, amekonda. Doriane alipomsogelea, Mutware akarudi nyuma, mikono inatetemeka.

"Usikaribie, chérie, mpenzi wangu."

"Ni mwanamke gani? Sema!"

"Hakuna mwanamke. Ni kokeini. Nimeacha, wiki saba sasa. Nesi Jocelyne alinielezea: mu kichwa kuko kitu banaita dopamini, ndiyo inaletaka hamu na raha. Kokeini iliijaza mingi, mwaka kwa mwaka, mpaka ubongo ukapunguza fasi, zile nafasi za kuipokelea. Sasa chakula, muziki, hata wewe... sisikie kitu."

"Mbona basi unatetemeka?"

"Mafuta yako. Kila mara nilikuja kwako nimeisha kuvuta. Kichwa kimefunga harufu yako pamoja na unga. Nikiisikia, mwili unataka unga."

"Basi ulinipenda mie ao unga?"

Mutware angeweza kudanganya. Maneno matamu ndiyo kazi yake.

"Sijui," akasema.

Iliuma. Doriane akageuka akashika njia, nami simlaumu. Lakini penye bomba la maji alisimama. Akaomba sabuni kwa Kabanyana, akainama, akasugua nywele mpaka ngozi ikawaka na msuko wa wiki nzima ukaharibika. Akarudi anachuruzika, akaketi mwisho wa benchi la mlangoni, alipokuwa ameketi Mutware.

"Utapona lini?"

"Nesi anasema miezi, pengine mwaka na zaidi. Pengine raha haitarudi yote."

"Na sasa hapa, unasikia nini?"

Mutware aliitazama mikono yake. "Hakuna. Lakini mikono imetulia kidogo."

Kabanyana akatoka na kibuyu cha maziwa. Mutware alikipokea, yeye mwenyewe akampa Doriane.

"Nakuomba usiniache. Sina furaha ya kukuombea nayo. Nakuomba hivi hivi."

Doriane alikunywa huku analia, akakirudisha kibuyu kitupu.

"Jumamosi nitarudi," akasema. "Bila mafuta."