Nani Anainyonya Betri?

Jumanne, Alhamisi na Jumamosi, nyumba ile huamka mapema kwa sababu ya babu. Mama huacha cherehani yake na kumpigia babu pasi shati. Babu hutafuta fimbo, ambayo siku zote ipo pale pale nyuma ya mlango. Mjukuu wake, msichana wa miaka kumi na miwili, hukimbia nje kulivua gari turubai. Babu alimpa jina la Kiroboto, kwa kuwa hata akiwa anakula hakai mahali pamoja. Anasoma zamu ya mchana, basi kazi hiyo ya asubuhi ni yake. Saa nne kamili babu anatakiwa awe hospitali, kwenye mashine ya kusafisha damu, maana figo zake zimechoka.

Alhamisi hiyo mama alizungusha ufunguo. Gari likasema "ka-ka-ka," kisha likanyamaza kimya.

"Tena?" mama akasema. "Betri ya Jumamosi hii! Hata vumbi haijashika!"

Akajaribu tena. Safari hii halikusema hata hiyo "ka." Na lilikuwa gari la otomatiki, mngelisukuma mpaka mkaota vigimbi, lisingewaka.

Hiyo ilikuwa mara ya tatu katika siku kumi. Mara ya kwanza walifika hospitali wamechelewa, mashine imeshapewa mgonjwa mwingine, na babu akavimba miguu kama mikate. Ndipo mjomba, kaka yake mama, anayekaa karibu na hospitali, alipopiga simu: "Dada, hilo gari likishindwa tena, mzee anahamia kwangu. Sitaki mjadala." Begi la babu lilikuwa tayari limefungwa, limesimama sebuleni.

Kiroboto hakutaka hata kulitazama begi lile. Nani angemsikiliza akisoma? Nani angemtegea vitendawili wakimenya viazi? Akatoka uani, akarudi, akakaa kwenye ngazi, akasimama.

Mama akampigia simu fundi umeme wa magari. Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke mfupi, mikono ya ovaroli ameikunja, bisibisi ameichomeka kwenye nywele. Alikuja na betri yake nzima kwenye toroli.

"Kumbe fundi ni mwanamke," babu akasema kutoka kwenye kiti chake.

"Ndiyo, mzee wangu. Gari nalo nimeliuliza, halina neno."

Babu akacheka mpaka akakohoa.

Fundi hakuwa na haraka. Alipima betri, akatikisa kichwa: imekauka chaji yote. Akakagua vichwa vya nyaya, vilikuwa safi na vimekazwa. Akafunga betri yake, akaliwasha gari, akapima tena. "Altaneta, inayojaza betri injini ikiwaka, ni nzima," alisema, akalizima. "Na betri yenu si mbovu, dada. Msiende kugombana na aliyewauzia. Mzee, kitendawili!"

"Tega!" babu akaitikia upesi.

"Nyumbani kwangu kuna mlevi. Kila siku anakunywa kidogo kidogo, ukimtafuta humwoni."

"Mkwe wangu!"

"Baba!" mama akamkemea, huku akijizuia kucheka.

"Hapana," fundi akasema. "Ni kitu kinachonyonya umeme wakati gari limezimwa. Betri inajazwa mkienda hospitali, ikirudi hapa inanyonywa. Ngoja tumtafute."

Akafunga milango yote, akachomoa waya mmoja wa betri, akaweka kipimo chake katikati ili umeme wote upitie humo. "Gari likilala, namba hii inatakiwa ikaribie sifuri," alimwambia Kiroboto aliyekuwa anarukaruka kando yake. "Unaona? Haijalala. Mtu yuko macho humu ndani."

Kiroboto akaacha kurukaruka. Maana kweli, humo ndani kulikuwa na kitu, na yeye tu ndiye aliyekijua.

Kilikuwa kamusi. Darasa zima lilikuwa na kamusi moja, na mwalimu alimkabidhi yeye aitunze. Siku kumi na moja zilizopita aliibeba nyumbani bila ruhusa, akawa anaisoma huku anafua, ikateleza, ikatumbukia kwenye beseni la nguo. Akaificha ndani ya kisanduku cha mbele ya gari, kile kinachoelekea kiti cha abiria, akidhani joto la jua litaikausha mtu asijue. Kamusi ikakauka kweli, lakini ikavimba na kujikunja, ikawa nene mara mbili. Mfuniko ukakataa kufunga. Akaukaza kwa kipande cha boksi, akamwambia mama, "Kisanduku kimekwama, usikivute, kitavunjika." Na shuleni mwalimu alipouliza, alisema kamusi iko kabatini.

Fundi akaanza kuchomoa fyuzi mojamoja. Ya redio: namba haikushuka. Ya honi: bado. Ya feni: bado. Akachomoa moja ndogo ya pembeni, na namba ikaanguka karibu na sifuri.

"Hee! Huyu hapa! Ni wa taa za ndani."

Akairudisha fyuzi, akachungulia dirishani. Taa ya juu imezimika. Akachungulia taa ya buti kupitia nyuma ya kiti, nayo imezimika. "Na kile kisanduku cha mbele?"

"Hicho kimekwama tangu wiki iliyopita," mama akasema. "Si ndiyo, mwanangu?"

Kiroboto akaitikia kwa kichwa. Hata yeye alijishangaa, kichwa kilivyokubali upesi namna ile.

Fundi akashusha pumzi. "Basi itakuwa waya umechubuka chini ya zulia. Fyuzi hiyo siwezi kuiacha nje, inalisha na kompyuta ya gari, na waya uliochubuka unaweza kuwasha moto. Itabidi ning'oe viti. Niachieni gari wiki nzima. Kwa leo nitawapeleka kwa gari langu, lipo gereji hapo jirani."

Mama akaegemea mlango wa gari. Akatazama saa, kisha akamtazama babu. "Baba," alisema polepole, "wiki nzima hatuwezi. Wacha nimpigie kaka. Ukitoka hospitali uende kwake."

"Sawa, mwanangu," babu akasema. Akakaza kofia yake, akatazama chini.

Kiroboto akakimbia mpaka kwenye geti. Akarudi. Akakimbia tena. Akarudi tena, na safari hii hakusimama mpaka alipofika mbele ya fundi.

"Hakijakwama," alisema. "Nimekikaza mimi."

Akafungua mlango, akachomoa kipande cha boksi. Mfuniko ukaanguka, na kamusi iliyovimba ikamdondokea mikononi. Nyuma yake, kataa, yaani taa ndogo kama punje ya mahindi, kalikuwa kanawaka. Fundi akakagusa. Kalikuwa ka moto.

"Mlevi wetu," fundi akasema. "Mfuniko ukifunga, kanazimika. Usipofunga, kanakunywa usiku na mchana. Mchana jua linakaficha, usiku turubai linakafunika. Nani angekaona?"

Akausukuma mfuniko mpaka ukalia "ta!", akafunga na mlango. Namba kwenye kipimo ikashuka, ikatulia.

"Siku kumi!" mama akasema. "Siku kumi unanitazama ninavyohangaika!"

"Sikujua kuhusu taa, mama. Wallahi sikujua. Nilijua kamusi tu."

Fundi akaacha betri yake ndani ya gari, akachukua ya kwao kwenda kuichaji. Gari likawaka mara moja. Saa nne kasoro robo walikuwa njiani, na begi la babu limebaki sebuleni.

Walipokaribia hospitali, babu akageuka nyuma.

"Kila nikifika, daktari ananiuliza, 'Mzee, umekunywa vikombe vingapi vya maji?' Siku nyingine nimezidisha kipimo alichonipangia, natamani kumdanganya. Lakini nikimdanganya, atamtibu mtu ambaye si mimi. Hukujua kuhusu taa, sikulaumu. Ila fundi alipouliza, ulimfungia mlango ambao tatizo lilikuwa ndani yake. Mtu akikuuliza ili akusaidie, mpe ukweli wote, hata kama kipande kimoja kinakuaibisha. Hujui ni kipande kipi anachokitafuta."

"Ndiyo, babu."

Mama akamtazama kwenye kioo. "Mchana nitakusindikiza shuleni. Lakini utasema mwenyewe."

Saa saba mwalimu aliipokea kamusi kwa mikono miwili, akaigeuza huku na huku. Kurasa zikalia kama majani makavu. "Hii imepatwa na nini?"

Miguu ya Kiroboto ilitaka kukimbia, akaikanyagisha chini. Akaanzia mwanzo kabisa, kwenye siku aliyoibeba bila ruhusa, na hakuruka kitu.