Foleni ya Vyombo Vitupu

Hapa Sengerema kila mtu ananiuliza kwa nini niliacha mashine yangu kule Mwanza. Wengine wananiita mjinga. Haya, leo nasema, na asiyeamini shauri yake.

Jioni ile nilitoka kuingiza ndoo ndani. Kazi ya dakika mbili tu. Jua lilikuwa limezama ziwani, watu wa Mkolani, mtaa wetu kule Mwanza, wanawasha vibatari, na mimi nimeshinda na njaa, nimemnunia kila aliyepita barabarani.

Ilikuwa mwaka tisini na tatu. Kiwanda cha nguo kilikuwa kimetupunguza kazini, mume wangu Mashimba alikuwa kaburini, na ng'ombe wake niliwauza nikanunua mashine ya kusaga. Fundi mimi, mpimaji mimi, mfagiaji mimi. Mwanangu Winnie, wa miaka mitano, alikuwa amebaki Sengerema kwa shemeji yangu Ndalahwa, naye aliniambia bila haya: "Shemeji, nakupa mpaka Pasaka. Mashine ikikosa watu inarudi kwetu, na mtoto haondoki hapa." Siku hiyo nililia mpaka kivuko kikafika ng'ambo.

Na watu hawakuja. Wote walikwenda kwa Chenge, mwenye mashine nyingine hatua hamsini kutoka kwangu. Kule mtu hasimami foleni mwenyewe. Anaweka chombo chake kwenye mstari, anarudi nyumbani kupika, zamu ikifika anaitwa. Vyombo vya kwa Chenge vilifika mpaka barabarani. Kwangu vumbi.

Ndipo nikafanya ujanja. Nikatoa vyombo vyangu sita, ndoo, mabeseni na debe moja, nikavipanga mlangoni vikiwa vitupu. Nikavifunika magunia, ili wapita njia waseme, kumbe na huyu ana watu. Asubuhi navitoa, jioni naviingiza. Juma zima! Nani alikuja? Hakuna. Zimebaki siku tisa Pasaka ifike.

Basi jioni hiyo nikainama, nikashika ndoo ya kwanza.

Haikunyanyuka.

Nikafunua gunia. Mtama... umejaa mpaka ukingoni. Nikafunua beseni. Mtama. Vyombo vyote sita. Na harufu, jamani, harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi, inapanda puani.

"Nani hapo?" nikaita. "Mwenye mali nani?"

Nikachungulia barabarani, hakuna mtu.

Mwenye akili zake angekimbia. Mimi nilikuwa na siku tisa. Nikapiga hendeli, injini ikakohoa, ikashika. Unga wa mashine ukitoka huunguza vidole. Huu ulitoka baridi. Nikajua kabisa kuna jambo hapa, na bado nikaendelea kusaga.

Nikazima injini. Mkanda ukaendelea kuzunguka wenyewe. Tap... tap... tap...

"Umemaliza?"

Mwanamke alisimama mlangoni, amejifunika kaniki mpaka usoni. Nyuma yake wengine watano. Sikuwa nimesikia mguu hata mmoja kwenye changarawe.

"Shikamoo, mama," nikasema.

Hakuitikia. "Umetuwekea nafasi," alinong'ona. "Tumekuja."

"Vyombo... vyombo ni vyangu."

"Vilikaa siku saba bila mtu. Sasa vina watu." Akanusa unga. "Na wewe unataka nini?"

Nilijibu bila kufikiri. "Nataka wateja. Nataka mwanangu."

"Utapata. Kila jioni utusagie sisi."

Wakajitwisha, wakaelekea kwenye majabali kule juu.

Asubuhi nilikuta vyombo vyangu mlangoni, vimeoshwa. Na nyuma yake foleni ya watu wa kweli, wanasukumana na kutaniana mpaka kwenye nguzo ya umeme. Chenge alibaki ameshika kiuno. Nilicheka, Mungu anisamehe. Pasaka ilipofika Ndalahwa akaniletea Winnie kwa mkono wake mwenyewe, akala wali kwangu, akanisifu.

Miezi miwili nikasaga hivyo. Mchana unga wa watu, jioni wa wale.

Halafu jioni moja vyombo vikawa saba. Cha mwisho kilikuwa kikombe cha bati. Kikombe cha uji cha Winnie.

"Nani kaweka hiki hapa?"

"Mimi," Winnie akasema, anachekelea. "Yule bibi wa kaniki kasema na mimi niweke changu."

Nilikinyakua, nikakitupa chooni, nikamchapa mtoto, halafu nikamkumbatia nikilia. Kesho yake jioni kikombe kile kile kilikuwa kwenye mstari. Cha sita. Chini kina punje chache za mtama. Kesho yake cha tano, kimefika robo. Nikakizika. Cha nne. Na kila kilivyozidi kujaa, Winnie alizidi kukonda. Uji hataki, wali hataki. Nilipombeba alikuwa mwepesi wa kutisha.

Nikamsihi yule mwanamke kwa magoti. "Chukua mashine. Nichukue mimi."

"Wewe hukuweka chombo chako," akanong'ona. "Ulituwekea sisi."

Kikombe kilipokuwa cha pili, kimejaa mpaka juu, sikungoja. Kulipokucha nikamwachia Chenge mashine kwa bei aliyotaja yeye, nikambeba mwanangu mgongoni hadi kivukoni. Nikarudi kwa Ndalahwa kuomba pa kulala, mimi niliyemlisha wali kwa majivuno. Alinisema mbele ya watu.

Winnie akapona. Sasa yuko darasa la sita, anaimba kwaya, anakula vizuri, nami nalima mihogo ya watu na sijutii hata kidogo. Ila kila jua likizama hutoka nje peke yake, anakaa ukutani, mikono magotini. Jana nilimfuata.

"Mwanangu, giza linaingia. Unafanya nini hapa?"

Alinitazama kwa upole, akanisogezea nafasi nikae.

"Kabaki mmoja tu mbele yangu, mama."