Miwani Mipya ya Bibi Khamfu

Kila Jumamosi asubuhi Kaewta alikuwa na kazi zake: kufagia sebule, kuandaa wali wa kunata na pilipili ya kuchoma, kisha kufuta vumbi kwenye rafu za vitabu. Mama yake, Wilai, alikuwa mchapishaji. Ofisi yake ilikuwa hiyo hiyo sebule yao mjini Chiang Mai, na mwenzake kazini alikuwa paka aliyependa kulalia bahasha. Hata hivyo, vitabu vyake vya Kiingereza kuhusu watu wa kaskazini vilisomwa hadi nchi ambazo Kaewta alizijua kwa ramani tu.

Asubuhi hiyo mama alikuwa akiimba.

"Leo saa nane mashine inaanza kuchapa kitabu cha wafumaji," alisema huku akimega tonge. "Miaka minne, mwanangu! Na unajua ninachojivunia? Sentensi moja tu ya ukurasa wa kwanza: 'Kila ukurasa wa kitabu hiki umekaguliwa na wafumaji wenyewe.'"

Kaewta akarudisha tonge sahanani.

Wiki mbili zilizopita mama aliugua homa, akamtuma Kaewta ampelekee Bibi Khamfu kurasa za majaribio. Bibi Khamfu alikuwa mfumaji mkongwe wa kijiji cha Ban Rai. Hakujua Kiingereza, lakini angetazama picha zote huku Kaewta akimsomea maelezo ambayo mama aliyaandika pembeni kwa lugha yao. Siku hiyo ilikuwa fainali ya voliboli shuleni. Kaewta akaenda kwenye voliboli, kurasa zikabaki uvunguni mwa kitanda, na jioni akasema, "Bibi amesema ziko sawa zote." Uongo ulimtoka kwa urahisi hata yeye mwenyewe akashangaa.

Mama alipoondoka kwenda kiwanda cha uchapaji, Kaewta alizivuta zile kurasa, akapanda baiskeli na kukanyaga pedali kama anayefukuzwa. Moyoni alijipa tumaini moja dogo. Bibi akisema ziko sawa, uongo wake utageuka kweli, na hakuna atakayejua.

Alimkuta Bibi Khamfu kwenye kitanda chake cha kufumia, kivulini chini ya nyumba yake iliyoinuliwa juu ya nguzo.

"Ehe, umefika leo!" Bibi alicheka. "Nilidhani mama yako kanisahau. Mwenzio nilinunua miwani mipya kwa ajili ya hizo karatasi. Nimekungoja mpaka nimechoka kuifuta!"

Kaewta alitamani ardhi ipasuke immeze. Alifungua kurasa, akaanza kusoma. Bibi alitikisa kichwa kwa furaha, akataja majina ya wenzake waliokwisha kufa, akacheka peke yake. Walipofika ukurasa wa arobaini na nane, akauzuia kwa kiganja usigeuzwe. Juu palikuwa na picha ya kitambaa chekundu chenye maua ya njano. Chini yake palikuwa na picha ya marehemu mtawa mkuu wa hekalu la kijiji.

Bibi alivua miwani.

"Mama yako kadhani huu ni mtandio," alisema polepole. "Hili ni pindo la sketi ya marehemu mama yangu. Pindo la sketi, juu ya kichwa cha mtawa aliyetubariki sote! Kwetu nguo ya kiunoni haikai juu ya kichwa cha mtu; hata kamba ya kuanikia sketi hatuifungi mahali watu wanapopita chini yake. Mjukuu wangu, hekaluni nitaingia na uso gani?"

Ilikuwa saa nane na robo. Kaewta aliazima simu ya jirani, akapiga. Haikupokelewa. Akapiga tena, na tena, machozi yakimchuruzika. Mara ya nne alisikia ngurumo ya mashine.

"Mama, simamisha! Nilikudanganya, mama. Sikwenda kwa Bibi. Ndiyo kwanza nimefika leo!"

Simu ikakatika.

Jirani aliwapakia wote wawili kwenye pikipiki hadi kiwandani. Walimkuta mama ameketi juu ya marundo ya karatasi, analia bila kujificha. Mashine ilikuwa imesimama, lakini karatasi elfu mbili zenye ukurasa ule zilikuwa zimeshachapwa. Bibi akawaeleza kuhusu lile pindo.

"Dada Wilai," alisema Sombun, mwenye kiwanda, "wasomaji wako wako huko Ulaya. Kwao hiki ni kitambaa tu. Nani atajua?"

"Wenyewe watajua," mama alijibu. "Na hao wa mbali wananiamini kwa sababu nimewaambia wenyewe wamekiona. Nikiwadanganya, nitabaki na nini?"

"Basi utasubiri zamu siku kumi. Meli itaondoka bila vitabu vyako, na maonyesho ya vitabu ya huko ndiyo hivyo tena."

Mama alifumba macho. Maonyesho hayo aliyasubiri miaka minne.

"Zitupe hizo," alisema.

"Nipige, mama," Kaewta alilia.

"Sina hata nguvu za kukukasirikia."

Maneno hayo yalimuuma Kaewta kuliko fimbo. Alisimama pale, hajui pa kuweka mikono. Bibi Khamfu akaketi, akanyosha mkono kuzitaka zile kurasa za majaribio walizokuja nazo.

"Haya, lete," alisema. "Tuanze ukurasa wa kwanza. Safari hii usiruke hata mmoja."

Walisoma siku hiyo na kesho yake. Walikuta makosa mengine mawili: dada yake Bibi alipewa jina la mtu mwingine, na mwiba wa nungunungu wa kuchomolea nyuzi uliitwa mfupa. Mama aliyasahihisha yote.

Baada ya siku kumi mashine ilinguruma tena. Mama alichukua karatasi ya kwanza, wino haujakauka vizuri, akampa Kaewta.

"Isome ile sentensi."

Kaewta akaisoma kwa sauti. "Kila ukurasa wa kitabu hiki umekaguliwa na wafumaji wenyewe."

"Siku kumi zilizopita ilikuwa uongo wenye jina langu," mama alisema. "Ukipewa kazi, ifanye. Ukiikosa, sema siku ile ile. Kosa la voliboli ningelisamehe kabla ya chakula cha jioni. Hili limetugharimu maonyesho, na nusura limgharimu Bibi heshima yake. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama. Nisamehe."

Mama alimvuta, akamkumbatia kwa mara ya kwanza tangu siku ile. Bibi Khamfu alikuwa ameketi mlangoni, anangoja nakala yake. Kaewta alimwendea, akachukua ile miwani mipya na kuifuta kwa upindo wa blauzi yake, taratibu, kioo kimoja kimoja.