Bati Lililobaki Ndani ya Buti

Kila kengele ya mwisho ilipolia, binti wa fundi bodi hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alipitia gereji ya baba yake, akavua viatu visije vikaingia rangi, akaketi kwenye kiti cha gari kilichong'olewa zamani na kufanya hesabu zake za darasa la sita huku nyundo zikigonga mabati kando yake.

Pale gereji hakuna aliyemwita kwa jina. Walimwita Vidole. Mfuniko wa buti la gari una matundu madogo upande wa ndani, na mkono wa mtu mzima haupiti humo. Baba alipotaka kufunga kitu juu ya mfuniko, yeye alizungusha spana juu, binti akaingiza mkono ndani kushika nati. Na si nati peke yake. Fundi yule alikuwa na kawaida yake: chini ya kila bolti lazima kikae kipande cha bati nene, upana wa vidole vitatu. Bati la mfuniko ni jembamba, na bolti ikivutwa sana hulichana kama karatasi.

Jumatano moja alikuja kijana aliyeitwa Rubani, na gari lake jekundu. Jina hilo alipewa kwa sababu ya mwendo, maana kuku aliyevuka mbele yake hakuvuka tena. Siku hiyo alileta bawa jeusi la kufunga nyuma ya gari, refu kuliko upana wa gari lenyewe, lenye miguu miwili kama ya korongo.

Ng'ambo ya barabara alikaa mshona viatu mmoja mwenye utani mwingi, ambaye watoto walimwita Kiraka. Aliinua kichwa kutoka kwenye soli.

"Rubani, mwanangu, hapo utaanika nguo au utapigia pasi?"

Watu walicheka. Rubani akajibu kwamba bawa hukandamiza gari lisipeperuke kwenye kona, kisha akamgeukia fundi amuunge mkono. Baba akakohoa.

"Ndivyo linavyofanya," alisema.

Vidole alimtazama baba yake kwa mshangao. Wiki iliyopita tu, baba huyohuyo alikuwa amemweleza kwamba mabawa makubwa hufaa kwenye viwanja vya mashindano, ambako magari hukimbia mpaka upepo unageuka mzigo. Mtaani kwenye mashimo na matuta, alisema, bawa ni kama kishungi cha jogoo: kinapendeza, lakini hakimsaidii kuwika. Tena gari kama la Rubani huvutwa na magurudumu ya mbele, na bawa linakandamiza nyuma.

Hata hivyo mteja ni mteja, na kazi ikaanza. Bolti tatu zilikaa vizuri. Kwenye ile ya nne, wenzake Vidole walikuwa wamesimama mlangoni wakimwita, kwa kuwa jioni hiyo timu ya netiboli ilikuwa ikichaguliwa. Vidole vyake vilikuwa na grisi. Bati likamponyoka, likaangukia chini kabisa ndani ya mfuniko, mahali ambapo hata mkono wake haukufika. Kulitoa kungetaka wafungue bawa lote na kuanza upya. Vidole akakaza nati bila bati, ikiwa na washa tu, kile kipete chembamba cha chuma.

"Tayari?" baba aliuliza.

"Tayari, baba."

Siku zote baba alikagua kwa tochi na kioo kidogo. Siku hiyo Rubani alikuwa akipiga honi kumharakisha, naye akaiacha tochi mezani.

Tangu hapo, kila buti lilipofungwa, kitu kililia ndani yake: kli. Rubani alidhani ni kufuli. Vidole alijua ni nini. Alijiambia atasema kesho. Kesho ikawa keshokutwa.

Jumamosi mchana Kiraka alimwuliza Rubani kama nguo zimekauka. Watu wakacheka tena, lakini safari hii Rubani hakucheka. Alisema leo watamwona mwenye bawa na mwenye mdomo. Aliendesha hadi mwisho wa barabara ndefu, akageuza gari.

Mngurumo ulitangulia. Gari lilipofika mbele ya gereji, bawa lilikuwa likitetemeka upande mmoja, upande wa bolti ya nne. Kona ile ya mfuniko ikachanika. Bawa likainuka, likang'oka lote, likaruka ng'ambo ya barabara. Kiraka aliinua mkono wa kulia kukinga uso.

Baba ndiye aliyemfikia kwanza. Alivua shati akaufunga ule mkono, na shati likabadilika rangi papo hapo. Kiatu cha mtoto kilichokuwa kikishonwa kilibaki juu ya sanduku, sindano ikining'inia kwenye uzi.

Trafiki alipofika, Rubani alikuwa akilia kama mtoto, akisema bolti hazikufungwa sawasawa. Baba alijibu kwa sauti ili wote wasikie.

"Tangu nianze kazi hii sijafunga bolti bila bati. Nikatwe mkono kama nasema uongo."

Vidole alisimama nyuma ya nguzo. Trafiki aliandika kosa la mwendo kasi, na gari likakokotwa hadi kituoni. Nyumbani mama alimshika Vidole paji la uso akidhani ana homa, maana hakugusa chakula.

Kesho yake baba alimchukua wakaenda hospitali. Kiraka alilala chali, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, Vidole." Alijaribu kutabasamu. "Daktari amesema vidole viwili havitakunjika tena. Cha kushikia sindano na jirani yake. Vyako vizima? Vitunze."

Hapo maneno yalimtoka.

"Baba, bolti ya nne haina bati. Lilinidondoka ndani ya mfuniko. Nilisema tayari, na haikuwa tayari."

Baba aliketi ukingoni mwa kitanda. Angeweza kumwambia anyamaze, kwani mle chumbani walikuwa watatu tu. Kiraka alitazama ukutani. Baba akauliza kama bati bado limo. Vidole akasema limo, hulia kila buti likifungwa.

Walitoka pale hadi kituoni. Baba mwenyewe aliutikisa ule mfuniko uliochanika. Kli. Trafiki akaacha kuandika.

"Mtoto alidondosha," baba alisema, "lakini fundi ni mimi, na sikukagua. Tena andika hivi: kijana aliniuliza kama bawa lina kazi, nami nikamdanganya."

Gereji ilifungwa miezi miwili, na Rubani akanyang'anywa leseni. Gharama za matibabu waligawana baba na Rubani. Wateja wengine hawakurudi tena, na vidole viwili vya Kiraka havikukunjika, kama daktari alivyosema.

Netiboli Vidole aliiacha mwenyewe. Kila jioni alivuka barabara, akaketi kando ya lile sanduku. Kiraka alishika kiatu kwa mkono wa kushoto na kumwelekeza, naye akavuta sindano.

Jioni moja alisimama katikati ya mshono.

"Mjomba, nimeruka tundu moja. Huku ndani."

Kiraka alikigeuza kiatu. Kwa nje hakuna ambaye angeliona.

"Sikiliza, mwanangu," alisema taratibu. "Kudondosha kitu si dhambi. Mimi nimedondosha sindano nyingi. Kilichonivunja mkono si bati, ni lile neno tayari. Rubani alitaka kuonekana, baba yako akataka kumridhisha, nami ulimi wangu ukamchokoza. Sote tulishughulika na kinachoonekana nje. Kosa likisemwa palepale, ni la tundu moja. Likifichwa, linaondoka na kiatu, na hujui litamwangusha nani njiani. Sasa fumua."

Vidole alifumua mshono wote, akaanza upya, tundu kwa tundu. Ng'ambo, mlango wa gereji ulikuwa bado na kufuli. Mwenye kiatu alikuwa amesimama akisubiri, akitazama saa yake.

"Tayari?" aliuliza.

Vidole aliingiza mkono ndani ya kiatu, akapapasa mshono hadi mwisho.

"Bado," alisema.