Nafasi ya Ishirini na Tatu

Jua lilikuwa limeanza kulegea, na Kipaza alibakiwa na kazi moja tu: kuwakusanya wageni wake ishirini na wawili, pamoja na mdogo wake, awapakie kwenye boti na kuwarudisha bandarini kabla ya saa kumi na mbili. Meli iliyowaleta wale wageni haikuwa na desturi ya kumngoja mtu. Kazi hiyo ameifanya miaka tisa, angeweza kuifanya amefumba macho. Siku hiyo ndivyo alivyoifanya.

Dada huyu walimwita Kipaza kwa ajili ya sauti yake. Wenzake walitembea na vipaza sauti vya betri; yeye alifungua mdomo tu, na aliye nyuma kabisa akasikia. Tangu asubuhi alikuwa amewapitisha wageni kwenye miji mitatu ya kale kando ya mto, akiwaonyesha maghala ya matofali, mahakama isiyo na paa, na makaburi ya matajiri waliosahauliwa na wajukuu zao. Kila kituo kilikuwa na hadithi, na kila hadithi ilikuwa na mahali pa kucheka.

Mdogo wake hakucheka hata mara moja.

Mama yao ndiye aliyeshikilia aje. "Mchukue mwenzio apate upepo," alisema. "Tangu tumzike baba yenu mnaishi humu kama wapangaji." Kwenye boti kulikuwa na kiti kitupu, basi Kipaza akakosa kisingizio. Mdogo wake ndiye aliyemuuguza baba yao miaka mitano, akimgeuza, akimwosha, akimlisha kwa kijiko. Kipaza alituma salamu. Siku mzee alipokata roho, yeye alikuwa mtoni na wageni, simu ameizima ili isimkatize maneno.

Katika mji wa pili, bibi mmoja mwenye kofia pana aliwauliza kwa upole kama wao ni ndugu.

"Ni ndugu," mdogo mtu alijibu. "Baba yetu alipokuwa anamwita, huyu alikuwa hapahapa, anawaonyesha watu makaburi yasiyomhusu."

Wageni wakatazama viatu vyao. Kipaza akajifanya hamnazo, akaendelea na maelezo, lakini kifua kilikuwa kinamwaka. Kuanikwa mbele ya wageni! Na kibaya zaidi, hakuna neno hata moja la uongo.

Kituo cha mwisho, katika mji wa tatu, kilikuwa Jumba la Kungojea. Zamani abiria wote walioteremka kwenda baharini waliwekwa humo mpaka boti ipatikane. Mwaka mmoja homa ikaingia mjini, na boti zikaacha kusimama. Watu wakabaki kwenye mabenchi ya mawe, mizigo mapajani, wakingoja nafasi, wakafa mmoja mmoja mpaka yule wa mwisho wao. Hapo Kipaza huwa anashusha sauti na kusema, "Kwa hiyo msikawie humu, jamani. Kuna watu wana hamu na viti vyenu."

Wageni wakacheka. Mlinzi wa jumba, mwanamume mfupi mwenye funguo nyingi kiunoni, hakucheka. Hakuwahi kucheka hata siku moja.

Wageni walipoanza kushuka ngazi za gati, mdogo wake alikuwa bado ameketi jumbani, benchi la mwisho, mtandio kichwani, mgongo kaugeuza. Jumba lilinuka chokaa mbichi, ingawa halikupakwa chokaa tangu enzi za babu zao.

"Twende," Kipaza alisema.

"Nenda. Si umezoea kwenda?"

"Watu wananingoja. Usinitie aibu mara ya pili."

"Hukuona aibu kumwacha baba, utaona kwa hawa?"

Maneno yalimjia Kipaza yote kwa pamoja, likatoka moja tu.

"Basi baki!"

Akatoka. Nyuma yake alisikia kitu kikisogea juu ya jiwe, taratibu, kama mtu mzima anayejikongoja kuinuka. Hakugeuka.

Katika kazi yake kuna sheria moja: watu huhesabiwa mara mbili. Kwanza vichwa, halafu nyuso. Jioni ile alihesabu vichwa tu, kutoka nyuma, maana kwenye kiti cha mwisho aliuona ule mtandio na hakutaka kukutana na macho yaliyokuwa chini yake. Ishirini na moja, ishirini na mbili, ishirini na tatu. Kumbe amefuata mwenyewe, akawaza. Jeuri yote ile! Akampungia mkono nahodha, na boti ikang'oa nanga.

Walipofika katikati ya mto, ile harufu ikamfuata.

Chokaa mbichi...

Akaenda kukaa nyuma, karibu na mdogo wake, kwa sababu hapakuwa na nafasi nyingine. Kisha mkono ukaja juu ya mkono wake. Ulikuwa wa baridi, na ulikuwa umelowa.

"Dada," mdogo wake akanong'ona. "Nisamehe."

Kipaza alishtuka. Tangu watoke utotoni hakuwahi kulisikia neno hilo kwenye mdomo huo.

"Nisamehe kwa yote. Ulikuwa na kazi yako. Hukuwa na kosa."

Machozi yakamlengalenga. Neno hilo ndilo alilolitafuta usiku na mchana tangu msiba, kwa mama, kwa majirani, hata kwenye kioo. Akageuza uso ili wageni wasimwone analia, akatazama walikotoka.

Kwenye ngazi za gati alisimama mtu.

Hakuwa na mtandio kichwani. Alikuwa ameuvua, anaupunga juu kwa mikono miwili, anaruka, mdomo umeachama. Sauti haikufika. Lakini Kipaza alijua ile miguu yenye misuli, alijua jinsi anavyoruka akiwa na hofu, tangu alipokuwa mtoto anakimbia mbwa.

Akajaribu kuuvuta mkono wake.

Mkono ule wa baridi ukakaza.

"Dada mkubwa!" nahodha aliita kutoka mbele. "Namwona mtu pale ngazini. Ni wetu?"

Bado palikuwa na muda. Baadaye alijaribu kujidanganya kwamba haukuwepo, kwamba meli ingewaacha wageni, kwamba angefukuzwa kazi. Lakini muda ulikuwepo. Nahodha alikuwa ameshapunguza mwendo.

Kipaza hakumtazama aliyeketi ubavuni pake. Alisikia tu pumzi yake, nzito, yenye subira.

"Hukuwa na kosa," pumzi ile ikarudia.

"Idadi imetimia," Kipaza akasema, na sauti yake ilitoka ndogo mpaka ikabidi arudie. "Twende. Idadi imetimia."

Alfajiri iliyofuata alimlipa nahodha amrudishe peke yake kwenye Jumba la Kungojea. Mlinzi alikuwa anafagia mlangoni.

"Nilimkuta ngazini jioni," alisema bila kuacha kufagia. "Nikamwambia aje kwangu, mke wangu yupo, ale, apumzike. Akakataa. Akasema dada yake ana maneno makali lakini hawezi kumwacha mtu."

Kipaza akachungulia ndani. "Halafu?"

"Nilipokuja kufunga, alikuwa amehamia ndani, benchi la mwisho. Nilimwita, hakugeuka. Asubuhi hii simwoni."

"Labda ameondoka kwa miguu."

"Labda." Akamtazama kwa mara ya kwanza. "Jana mliondoka watu wangapi?"

"Ishirini na watatu."

"Na mlikuja?"

"Ishirini na watatu."

"Basi hakuna aliyebaki," mlinzi alisema, akarudia ufagio wake. "Unamtafuta nani?"

Kipaza aliingia jumbani akaita kwa sauti ile iliyompa jina. Akaita jina la mdogo wake mpaka koo likakauka. Kuta hazikurudisha kitu. Ila mwisho wa jumba, kwenye benchi lisilo na mtu, alisikia watu wengi wakisogea, wakisukumana kidogo, kama wanaompisha mgeni akae.

Alirudi nyumbani jua likizama. Kutoka nje alisikia kicheko cha mama yake, kicheko ambacho hakikusikika humo tangu msiba. Mdogo wake alikuwa ameketi miguuni pa mama, anamkanda nyayo kwa mikono yake ya baridi. Sakafu chini yake ilikuwa na unyevu.

"Huo mto umemfanya nini mwanangu?" mama alisema huku anafuta machozi ya furaha. "Tangu asubuhi hajanuna. Hata baba yenu hajamtaja. Mungu akubariki kwa kumtoa, mwanangu. Hebu njoo ukae, leo mmekuwa chanda na pete."

Kipaza alisimama mlangoni. Angeweza kusema. Alifungua mdomo, lakini akauona uso wa mama yake ulivyotulia, na akajua kwamba mama huyu akiambiwa, atakuwa amezika wawili.

Akaingia. Akaketi.

Yule aliyekuwa miguuni pa mama akamwegemea begani, polepole, na harufu ya chokaa ikajaa chumba kizima.

"Usiwe na wasiwasi, dada," akamnong'oneza. "Mimi sitakuacha."