Ukurasa wa Anti Seini

Kila asubuhi ya majira ya baridi ya mwaka 2021, Iteka alianza siku kwa kugombana na mdogo wake Armel. Jiji la Sydney lilikuwa limefungwa kwa sababu ya korona, masomo yalikuwa kwenye kompyuta, na nyumbani kwao Quakers Hill meza ilikuwa moja tu. Mama yao, Anésie, alirudi kutoka kazini kwenye nyumba ya wazee, uso umejaa alama za barakoa, akiomba jambo moja: wasome kimya ili apate usingizi. Kwa Armel hilo lilikuwa ombi gumu mno.

Wiki hiyo mwalimu wa Iteka, Bi. Doherty, aliwapa wanafunzi wake kazi ya nyumbani. Kila mwanafunzi achague msanii wa mtaani kwake ambaye hajaandikwa katika kamusi elezo ya mtandaoni, ile inayoandikwa na watu wa kujitolea, kisha amwandikie ukurasa. Iteka hakuwa na haja ya kufikiri. Upande wa pili wa ua aliishi Anti Seini, mama wa visiwa vya Tonga aliyetengeneza ngatu, kitambaa kikubwa cha gome la mti chenye michoro ya kahawia na nyeusi. Ngatu yake moja iliwahi kutundikwa katika jumba la sanaa huko Parramatta, ikafunika ukuta mzima.

Iteka alipotafuta jina lake mtandaoni hakukuta hata sentensi moja. Wachezaji wa raga wenye asili ya visiwa vya Pasifiki walikuwa tele, na hata magoti yao yaliyoteguka yalikuwa na aya zake. Lakini wasanii wa visiwa hivyo, hasa akina mama, walikuwa wa kutafutwa kwa tochi. Iteka alifyonya kwa hasira, akaanza kuandika.

Ukurasa wake ulikataliwa. "Hakuna chanzo kilichochapishwa kinachothibitisha haya," aliandika mhariri. Akauandika upya na kuongeza picha. Ukakataliwa tena, kwa maneno yale yale. Iteka akamwandikia kwamba yeye ni jirani, na ngatu ile ameiona kwa macho yake. Mhariri akajibu kwamba macho ya jirani si chanzo.

"Eti macho yangu si chanzo! It's so unfair, Mum!" Iteka alilalamika.

"Basi watafutie hicho wanachotaka," mama alijibu kwa Kiswahili, akijivutia blanketi. "Piga simu maktaba."

"Maktaba imefungwa, Mum."

"Mlango ndio umefungwa. Na simu nayo imefungwa?"

Iteka hakupiga simu. Alikuwa amechoshwa na maktaba, na mhariri, na kompyuta, na Armel. Akaona bora awape wahariri hao wakubwa walichokuwa wakikitaka. Aliandika kwamba Anti Seini ni bingwa aliyetengeneza ngatu ile peke yake, na kwamba ilimpatia tuzo. Chini akataja gazeti moja la Watonga, na tarehe aliyoibuni mwenyewe. Safari hii ukurasa ulipita bila maswali. Bi. Doherty alimsifu mbele ya darasa zima, na Iteka akavimba kichwa.

Jumamosi alisikia akiitwa kutoka uani. Anti Seini alikuwa amesimama upande wake wa ua, simu mkononi, na hakuwa na tabasamu.

"Iteka, nani alikwambia nilitengeneza ngatu ile peke yangu?"

"Hakuna, Anti. Nilitaka tu uandikwe. Walikuwa wanakataa kila mara."

"Hakuna mtu anayetengeneza ngatu peke yake!" Anti Seini alisema kwa ukali. "Tunakaa pande mbili za ubao mrefu, kila mmoja na sehemu yake. Tunapaka gundi ya mhogo, tunaunganisha, tunasogea pamoja. Mmoja akizembea, kitambaa chote kinaharibika. Tangu asubuhi wenzangu wananipigia simu. Wananiuliza, 'Kumbe sisi tulikuwa mapambo, Seini?' Na tuzo gani hiyo? Wanadhani niliipokea nikawaficha!"

Iteka aliinamisha kichwa.

"Halafu kuna Kalolaine," Anti Seini aliendelea, na sauti ikaanza kumkatika. "Alikaa mkono wangu wa kulia. Korona ilimchukua mwezi uliopita. Walioruhusiwa kumzika walikuwa wachache, sisi wengine tuliangalia kwenye simu. Ngatu ile ndiyo kazi yake ya mwisho. Binti yake amesoma ukurasa wako, akaniuliza mama yake alikuwa wapi."

Akageuka, akaingia ndani. Iteka aliona aibu hata akatamani ardhi ipasuke immeze.

Alimwamsha mama na kumweleza yote. Mama hakupiga kelele, jambo ambalo lilimuumiza Iteka zaidi. "Fungua kompyuta," alisema. "Uongo umeuandika wewe, na kuuondoa utauondoa wewe."

Iteka akaungama kwa Bi. Doherty, akapoteza alama. Akaungama kwa mhariri pia, na yule bwana akamjibu kwa hasira kwamba watu kama yeye ndio wanaofanya kurasa za wasanii wa Pasifiki zisiaminiwe. Maneno hayo yalimchoma, kwa kuwa yalikuwa ya kweli.

Jumatatu alipiga simu maktaba. Muziki wa kusubirishwa ulimpigia sikioni hadi akataka kuitupa simu. Akakatiwa, akapiga tena, akaambiwa asubiri, akasubiri. Hatimaye mkutubi mmoja, Bi. Muema, akamtafutia kitabu cha maonyesho ya Parramatta pamoja na mahojiano ya kweli ya gazeti, akampigia picha kurasa na kumtumia. Ndani yake wanawake wote waliotengeneza ngatu walitajwa kwa majina.

Iteka aliandika upya, safari hii juu ya kikundi kizima, na kila sentensi akaionyeshea ilikotoka. Mhariri aliurudisha ukurasa kwa sababu ya namba ya ukurasa wa kitabu, kisha kwa sababu ya nukta. Iteka alisaga meno, akasahihisha. Mwishowe ukapita.

Jioni ile alikwenda uani na mama yake, akampa Anti Seini kompyuta juu ya ua. Anti Seini akasoma majina kwa sauti. Alipofika kwenye jina la Kalolaine, alilisoma mara mbili. Kisha akachukua simu yake na kusogea pembeni.

"Mwanangu," mama alisema taratibu, "ulikuwa na haki ya kukasirika. Watu hawa wameachwa nje kwa muda mrefu. Lakini hasira yako haikukupa ruhusa ya kudanganya. Ulitaka kumwingiza mmoja, ukawafuta wenzake wote. Ukweli ulikuwepo, Iteka. Ulihitaji kutafutwa tu, hata kama unachosha."

Kutoka upande wa pili wa ua walimsikia Anti Seini akizungumza na binti wa Kalolaine.

"Yumo," alikuwa akisema. "Mama yako yumo."