Nilimpa Jina la Mke Wangu

Jioni ile ya Ijumaa nilirudi mtaani kwetu Kizwite na kidumu cha petroli ya jenereta, nikiwahi kufungua kibanda changu cha video. Ilikuwa miaka ya ruksa. Kila mwenye televisheni alijiona mkurugenzi, na mimi kitambi nilikuwa nacho tayari.

Padri mmoja Mtaliano, akirudi kwao, aliniachia kanda ya opera: filamu ambamo watu huimba hata wakiomba maji. Nimefika Kitwe, nimefika Lubumbashi, sijakutana na mtu aliyewahi kuiona. Kiitaliano changu kinaishia kwenye spageti. Sasa nitawatafsiriaje watazamaji? Nikawabandika waigizaji majina ya mtaani. Yule mwanamke anayekufa kwa kifua huku akiimba nikamwita Silvana, jina la mke wangu. Watu walicheka hadi wakashika mbavu.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Jumanne Silvana akaanza kukohoa. Kila nilipoionyesha ile kanda, alizidi. Kufikia Ijumaa hiyo alikuwa akitema damu.

"Nenda kazini, baba," alininong'oneza. "Hapa unanijazia chumba tu."

Nikaenda. Nyumba yetu ilikuwa nyuma ya kibanda.

Katikati ya filamu ile ile, bibi mmoja nisiyemjua alichutama mbele ya televisheni. Akapiga makofi taratibu, kama tunavyowasalimu wakubwa huku Ufipa.

Kwenye kioo, yule mwimbaji niliyemwita Silvana akakatiza wimbo. Akachutama.

Pa... pa... pa...

Akaitikia salamu kwa makofi.

Harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi ikajaa kibandani.

"Shikamoo, bibi," nilinong'ona. "Nini hiki?"

"Marahaba. Umemwita, ameitika. Wimbo ukiisha, na mkeo amekwisha."

Mwimbaji akaanza tena kuimba. Nikachomoa waya. Nikakimbia kuzima jenereta. Watazamaji wakadhani ni mbwembwe zangu.

Filamu iliendelea.

"Mpe jina jingine," bibi alisema. "Upesi."

Nikatafuta jina lisilo na mwenyewe. Mtaani kwetu hapakuwa na Epifania hata mmoja.

"Epifania!" nikapiga kelele. "Huyu anaitwa Epifania!"

Kioo kikazimika.

Nyuma ya ukuta nikamsikia Silvana akiomba uji. Nikalia, mwanamume mzima, kamasi hadi kidevuni. Nilipogeuka nimshukuru bibi, hakuwepo.

Aliyekuwepo ni Kasimiri, fundi baiskeli, jirani yangu wa ng'ambo ya barabara. Hakuwa anacheka.

"Kaka, nani kakwambia? Binti yetu kazaliwa leo adhuhuri. Hilo jina tunalijua mimi na mama yake tu."

Kutoka nyumbani kwake kikasikika kikohozi. Kidogo sana... kimoja.

"Hongera, ndugu yangu," nikamwambia.